Kimea Chekundu

Watu wa barabara ya tatu walimwita Spès "yule asiye na maneno", na yeye hakuwabishia, maana kubisha nako ni maneno. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Darasa la saba alilimalizia hapo hapo Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi, akaolewa na Rénovat mwana wa Anicet, akazaa mtoto mmoja, Arcade, ambaye Novemba ile ya mwaka tisini na nane alikuwa na miezi minane na meno mawili.

Kazi yake ilikuwa zahanati. Hakuwa muuguzi, alikuwa mtu wa mizani. Kila Jumanne aliining'iniza mizani kwenye boriti ya baraza, akapokea watoto mmoja mmoja kutoka mikononi mwa mama zao, akawatia kwenye kile kisuruali cha turubai, akasoma mshale, akaandika kwenye kadi. Na kwa kuwa nesi Romana alikuwa mzaliwa wa Karema, Kirundi chake kikiishia kwenye salamu, Spès alikuwa pia mdomo wake. Nesi akisema kwa Kiswahili, yeye anawageuzia wale ambao Kiswahili kiliwapitia mbali.

Mtu akipima watoto miaka mitatu huzoea kutazama mikono. Uso wa mama unaweza kucheka huku nyumbani hakuna kitu, lakini mkono unaomfungua mtoto mgongoni hausemi uongo. Jumanne ile Spès aliona vidole vyekundu.

Haukuwa wekundu wa damu. Ulikuwa wa pinki, umeganda pembeni mwa kucha, kama wa mtu aliyefua kitenge kipya kinachochuja rangi. Mama wa kwanza alimwacha apite. Wa pili akamtazama mara mbili. Ilipofika saa nne asubuhi alikuwa ameona akina mama saba, na rangi ile alikuwa ameshaitambua. Ilikuwa rangi ya mbegu.

Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimenyesha mpaka mahindi yakaozea shambani, na mwaka huo watu waliingia kwenye msimu wa kupanda wakiwa na ghala tupu. Shirika moja likaleta mbegu. Magunia yalifunguliwa ghalani, mbegu ikapimwa kwa kopo, kila mwenye kaya akakinga kitenge chake akaenda. Picha ya fuvu iliyochapwa ubavuni mwa gunia ilibaki ghalani na magunia yake. Mahindi yenyewe yalikuwa makubwa, mazuri, ya pinki, na nyumbani watoto walikuwa wanalala na uji.

Spès alikuwa bado na kalamu mkononi Nathanael alipoingia mbio, amembeba bintiye Agatha, mtoto wa miaka minne. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeukia juu, povu mdomoni. Mkewe alikuja nyuma yake miguu pekupeku.

"Degedege," wakasema akina mama kwenye benchi, wakawafunika watoto wao.

"Si degedege!" Nathanael akafoka. "Mwanangu hana homa, mshikeni. Kuna mtu kanitilia kitu kwenye chakula, na ninamjua. Ninapakana naye shamba."

Nesi Romana alimlaza mtoto, akamchoma sindano ya kutuliza, akamgusa paji la uso. Kweli, hakuwa na homa. Spès akamsogelea sikioni.

"Nesi, tazama vidole vya mama yake."

Nesi akatazama. "Mlikula nini jana?"

Mama yule akaanza kulia kabla swali halijageuzwa. "Tuliosha," akasema kwa Kirundi. "Mwambie tuliosha mara nne, mpaka maji yakawa meupe kabisa."

Agatha alipelekwa hospitali ya Mpanda juu ya tela la trekta la tumbaku, mama yake akimlalia ili asirushwe na mashimo. Nathanael alibaki amesimama barabarani. Alichukua muda mrefu kuitazama nyumba ya jirani yake, na Spès aliona jinsi alivyokuwa anaitazama.

Bwana shamba aliitwa, akaja na baiskeli yake. Fabiani alikuwa mtu wa Mpimbwe, mtoto wa wakulima wa mpunga, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde hata akiwa amekaa jirani yako.

"Nani kawaambieni ni mbegu?"

"Vidole," nesi akajibu.

"Vidole! Siku hizi zahanati mnapima kwa vidole?"

"Bwana shamba, mbegu ile ina dawa au haina?"

"Ina dawa ya wadudu. Mbegu bora zote zina dawa."

"Na uliwaambia?"

Fabiani akafuta jasho kwa kofia. "Mvua ilikuwa inanyesha. Foleni ilifika kanisani. Niliwaambia ni ya kupanda."

"Kila mbegu ni ya kupanda. Hata maharage niliyokula jana usiku yalikuwa ya kupanda."

"Usinichekeshe, nesi. Sikiliza. Ukiwaambia watu hawa mbegu ni sumu, wataitupa, na wiki hii ndiyo ya kupanda. Mwezi wa nne utapima nini kwenye mizani yako? Mifupa?"

"Na wewe ukisubiri, kesho nitampakia nani kwenye tela?"

Wakaachana hivyo, kila mtu na hasira yake. Nesi alitoka barazani akawaambia akina mama: mbegu ile ni sumu, msiiguse, itupeni. Spès akageuza. Saa kumi jioni bwana shamba aliwakusanya watu mbele ya ghala, na aliyezoea kumgeuzia hakuwepo, akamwita Spès. Akasema: mbegu ni nzuri, ipandeni kesho, asitupe mtu hata punje moja, maneno ya zahanati ni ya hofu tu. Spès akageuza na hayo. Aliyasikia yakitoka kinywani mwake akatamani ardhi imfiche.

Bibi mmoja mwenye kiko akainua mkono. "Mama Arcade! Asubuhi umetuambia tutupe, jioni unatuambia tupande. Mchana ulikula nini wewe?"

Watu wakacheka mpaka wakapigana mabega. Spès alikaza kitenge cha mtoto mgongoni, akaenda zake.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake akipepeta. Immaculata alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, mgongo umenyooka kama mchi, na katika barabara zote za pale hakuna aliyempita kwa kutengeneza pombe. Alinyoosha mikono kumpokea mjukuu wake. Jua lilikuwa bado halijazama, na Spès aliviona vidole vizuri kabisa. Vilikuwa vyekundu hadi kwenye viungo.

Akazunguka nyuma ya jiko. Juu ya mkeka kulikuwa na kimea kimeanikwa, mahindi yaliyoota, mizizi yake imesukana na kukauka, na kila punje bado ina doa la pinki kwenye kitovu.

"Mabukwe," alisema, kama wakwe wa Kirundi wanavyoita. "Hii ni ile mbegu."

"Ni ile."

"Mtoto wa Nathanael amepelekwa Mpanda."

"Nimesikia. Nathanael ana ugomvi wa mpaka wa shamba, kila mtu anajua."

"Nesi anasema ni mbegu."

Immaculata akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akachukua punje moja, akaiweka kwenye kiganja cha mkwe wake. "Tazama. Imeota? Imeota. Kitu chenye sumu hakioti, mukazana wangu, mke wa mwanangu. Kilichokufa hakitoi mzizi. Wale wamekula haraka kwa njaa, hawakungoja. Mimi nimeosha, nimeloweka, nimeiotesha, imenionyesha kuwa ni nzima. Nesi wako anajua sindano. Mimi najua kimea."

"Basi tuiache. Tutafute mtama kwa watu."

"Mtama wa nani? Nitajie nyumba moja yenye mtama." Uso wake ukabadilika. "Jumamosi Anicet anatimiza mwaka kaburini. Watu watakuja kuganduka, kutuondolea matanga. Mwaka mzima nimevaa msiba. Unataka nimuage mume wangu kwa maji, kama mtu ambaye hakuwa na mke?"

Spès alijua desturi. Siku ya kuganduka mtungi unawekwa katikati, mirija mirefu inatumbukizwa, na mwenye nyumba anavuta wa kwanza mbele ya watu wote ili waone kwamba hakuna alichokitia. Akishameza na kusimama wima, wengine wanavuta. Watu sitini wangekuja, labda zaidi. Immaculata angevuta wa kwanza, angesimama wima, angetabasamu. Mtoto wa Nathanael alikula usiku, akaanza kukakamaa asubuhi.

Jumatano mambo yaliharibika zaidi. Mzee mmoja wa barabara ya kwanza aliyemsikiliza nesi alimwaga mbegu yake mtaroni, na kuku wa nyumba tatu wakaokota, wakalala chali. Kwenye bomba la maji maneno yakawa mengine: nesi na bwana shamba wanagombania mbegu, wanataka tuitupe ili waizoe wakapande mashamba yao. Wengine wakasema kama wataalamu wenyewe hawajui, basi hakuna anayejua, na mtoto akilia njaa utamfanyeje. Vijana wawili walikaa kwenye gogo mbele ya nyumba ya jirani yake Nathanael tangu asubuhi, hawasemi kitu. Jirani mwenyewe hakufungua mlango.

Saa nne nesi alitoka barazani. "Spès, njoo uwaambie tena."

Spès akabaki ameishika nguzo ya mizani. "Siendi, nesi."

Nesi alidhani hakusikia vizuri. Katika miaka mitatu hakuwahi kuambiwa neno hilo na binti huyu.

"Siendi," Spès akarudia. "Jana nimewaambia maneno mawili kwa mdomo mmoja. Leo nikiwaambia la tatu watanitemea mate. Mwite bwana shamba. Mkae hapa nyie wawili. Mkishakuwa na neno moja, mnipe."

Romana akavua koti lake jeupe, akalitundika kwenye msumari, akaenda mwenyewe kumtafuta Fabiani shambani.

Walikaa kwenye benchi la akina mama, nesi upande mmoja, bwana shamba upande wa pili, katikati yao nafasi ya watu watatu. Spès alikaa chini kwenye mkeka, ananyonyesha. Alikuwepo pia Apolinari mpiga mbiu, mzee mfupi mwenye debe na fimbo, ambaye kila tangazo la makazi yale lilipita kooni kwake.

Mwanzoni ilikuwa ni kurushiana lawama. Fabiani akasema kuku wamekufa kwa sababu ya "itupeni". Romana akasema mtoto amelazwa kwa sababu ya foleni na mvua. Apolinari aliwaacha mpaka wakachoka, kisha akagonga debe mara moja, paa, wakashtuka wote.

"Mimi napiga mbiu tangu tulipofika hapa mwaka sabini na tatu," akasema. "Watu wananipa maneno matatu. La nne wanarudi jikoni. Sasa nipeni matatu, na yasigombane."

Fabiani akakuna kichwa. "Ipandeni. Msiile. Msiitupe."

"Na atakayekuwa ameshakula?" nesi akauliza.

"Aje zahanati haraka," Fabiani akajibu. "Hilo ni la nne."

"Basi 'msiitupe' iwe ndani ya 'ipandeni'. Asiyetaka kupanda airudishe ghalani. Utaipokea?"

Bwana shamba akasogea kwenye benchi, kidogo tu. "Nitaipokea. Na wewe uniambie dalili, maana nitakutana nao shambani kabla yako."

Nesi akamwambia dalili, naye akaziandika kwenye daftari lake la vipimo vya matuta. Spès aliona ile nafasi katikati yao imebaki ya mtu mmoja. Akaona pia kwamba wanakaribia kufurahi, na kwamba neno walilolishika halitoshi.

"Hawatasikia," akasema.

Wote wakageuka.

"Mkisema msile, hawatajua ni wao. Wanaopika ugali ndio wanaokula. Wengine hawali, wametengeneza kimea. Wanasema imeota, na chenye sumu hakioti. Kwao imeshapona."

Fabiani akainuka. "Lakini kuota ndiyo kazi yake! Dawa ni ya kuua mdudu, haiui mbegu. Ikiota ndiyo inaonyesha..." Akajishika kichwa. "Mungu wangu. Mimi mwenyewe niliwaambia pale ghalani: mtajua ni mbegu bora kwa jinsi inavyoota."

"Pombe ndiyo mbaya zaidi," nesi akasema taratibu. "Wanakunywa wengi kwa siku moja. Nani ana kimea, Spès?"

Spès akainama kumtazama Arcade, aliyekuwa amelala na ziwa mdomoni. Akilitaja jina, kesho vijana wale wa kwenye gogo watahamia mbele ya nyumba yao. Watasema Immaculata alitaka kuwaua watu kwenye matanga ya mumewe, na jina hilo halimtoki mwanamke mpaka kaburini. Asipolitaja, Jumamosi watavuta mirija.

"Nimeona vidole vya nyumba saba kwenye mizani," akasema. "Nyumba ya nane naijua."

Apolinari alitazama pembeni. Alikuwa mwalikwa wa Jumamosi, na mtu aliyepiga mbiu miaka ishirini na tano anajua ni nani anaandaa nini.

"Tusitaje mtu," nesi akasema mwishowe. "Kokote. Ikitajwa nyumba moja, nyingine saba zitaficha."

"Na yule Nathanael?" akauliza Fabiani.

"Huyo nitakwenda mwenyewe, na wewe utakuja nami. Atuone wote wawili."

Wakatunga upya. Spès aliyasema kwa Kirundi kwa sauti ndogo, wakati mwingine akasimama na kusema, "hivyo hawasemi," wakabadilisha. Apolinari akayajaribu kwenye ulimi. Na Fabiani, ambaye hakuna aliyemwomba, akasema: "Mwanzoni tuseme kosa. Kwamba Jumanne tuliwaambia maneno mawili, na kosa ni letu, si la aliyegeuza."

Alhamisi asubuhi debe lililia barabara zote. Apolinari alitembea katikati, nesi kulia, bwana shamba kushoto anasukuma baiskeli, Spès nyuma na mtoto wake. Watu walitoka kwa sababu ya kuwaona wale wawili pamoja kuliko kwa sababu ya debe.

"Mbegu ya pinki ina dawa," Apolinari aliita, baada ya kulitaja lile kosa kwanza, na Spès akapokea kwa Kirundi. "Ni ya udongo, si ya tumbo. Kuiosha hakutoi dawa, kuiotesha hakutoi dawa, kuipika hakutoi dawa, na anayeonja haoni kitu saa ile ile. Aliyeshakula aje zahanati. Ipande, au irudishe ghalani, hakuna atakayekuuliza!"

"Hayo yamezidi matatu!" akapaza sauti yule bibi wa kiko.

"Nimekuongezea wewe, maana unasikia robo robo!" Apolinari akamjibu, na watu wakacheka. Safari hii hawakumcheka Spès.

Jioni dereva wa trekta alileta kikaratasi kutoka Mpanda. Agatha alikuwa hai, amefungua macho, daktari anaomba punje za ile mbegu azione. Nesi na bwana shamba wakakibeba kikaratasi hicho wakakaa kwa Nathanael mpaka giza likaanza kuingia. Ijumaa asubuhi gogo lilikuwa halina mtu.

Lakini nyumbani moshi ulikuwa unafuka. Immaculata alikuwa ameshasaga kimea, amekipika, amekimimina mtungini, na mtungi umefunikwa kwa majani ya mgomba, unachemka wenyewe kwa ndani kama kifua cha mtu mwenye pumu. Spès alisema mara ya kwanza, akajibiwa kwamba tangazo ni la watu wasiojua kuosha. Alisema mara ya pili, akageuziwa mgongo. Alifikiria kuupindua mtungi wakati mama mkwe yuko kisimani. Alifika hadi kuweka mkono kwenye ukingo wake. Halafu akaona ingekuwa nini: mtungi umevunjwa na mkwe, mama ana hasira, watu wanasema wangekunywa na wasidhurike, na zile nyumba saba zinaendelea kuanika. Akautoa mkono.

Rénovat mumewe alikuwa Ugalla kwenye mizinga yake ya nyuki, angefika Jumamosi mchana pamoja na wageni. Hakuwa na wa kumwegemea.

Jumamosi jua lilipochomoza alimkuta Immaculata ndani, amevaa kitenge alichokitunza mwaka mzima, anachagua mirija. Aliuchomoa mmoja ulio mrefu kuliko yote, akaupuliza vumbi.

"Huu ni wa kuonjea," akasema. "Nitauvuta mbele ya nesi wako, na bwana shamba wako, na debe lao. Wataniona."

"Mabukwe, nipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Mrija. Mimi ni mkwe wa nyumba hii, naweza kuonja kwa niaba ya nyumba." Spès alipiga magoti kando ya mtungi, akafunua majani. Harufu ilikuwa nzuri, tamu kidogo, harufu ya sherehe. "Umesema imepona. Nionje sasa hivi, na mpaka wageni wafike mchana utakuwa umeshajua."

"Weka chini."

"Kwa nini?"

"Wewe unanyonyesha!"

Neno hilo lilimtoka Immaculata kwa haraka, kisha likabaki pale katikati yao. Arcade alikuwa kwenye mkeka, ameushika mrija mwingine, anautafuna kwa meno yake mawili.

Spès hakulia. Alikuwa ameushika mrija mdomoni, hajavuta, anamtazama mama mkwe wake usoni, kitu ambacho mkwe hafanyi. Ndani ya mtungi mapovu yalikuwa yanapanda na kupasuka moja moja. Immaculata alitazama mtungi, akatazama mtoto, akatazama vidole vyake mwenyewe, vile ambavyo siku nne za kusugua kwa jivu hazikuvisafisha.

"Nimeviosha hivi kila siku," alisema polepole, kama anayejisemesha. "Na havitoki."

Akaunyakua ule mrija kutoka mdomoni mwa mkwe wake, akauvunja juu ya goti.

"Shika huko," akasema.

Wakaubeba wawili, mama upande mmoja, mkwe upande wa sikio la mtungi, hadi chooni, wakamwaga pombe yote shimoni, mbali na kuku, mbali na kisima. Ilipomwagika ilikuwa na rangi ya waridi. Immaculata alisimama akaitazama mpaka tone la mwisho. Kisha akasema, "Chota maji. Ndoo mbili. Kwenye mtungi wa Anicet mwenyewe, ule mweusi."

Mchana watu walijaa uani. Rénovat alifika na debe la asali. Nesi alikuja na gauni la kanisani, Fabiani na viatu vilivyopakwa mafuta, wakakaa pamoja, na watu wakanong'ona walivyoona hivyo. Nathanael alikuja, na jirani yake alikuja, wakakaa pande mbili tofauti, lakini walikuja. Spès aliona nesi anautazama mtungi mweusi ulio katikati, kisha anamtafuta yeye kwa macho, uso umemkauka. Spès hakuweza kumwambia kitu pale. Alitikisa kichwa tu, kwamba si ile.

Immaculata akasimama. Hakuwa na haja ya mgeuzaji, alisema Kirundi kwanza na Kiswahili chake kibovu baadaye.

"Mnanijua. Hakuna kati yenu ambaye hajalewa kwa mkono wangu." Watu wakacheka. "Basi nimetengeneza pombe ya mume wangu kwa ile mbegu ya pinki. Niliosha. Niliotesha. Ikaota vizuri, hamjaona kimea kama kile. Na leo asubuhi nimeimwaga chooni, kwa sababu mkwe wangu alitaka kuionja, nikaogopa. Nilipoogopa nikajua kwamba nilikuwa najua."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu." Macho ya hasira yalianza kumgeukia Immaculata, na Spès akaona bega la Nathanael likiinuka. Fabiani akawahi kusimama.

"Niliyewapa bila kuwaambia ni mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Huyu mama asingejua. Niulizwe mimi."

"Na mimi nikawachanganya," nesi akasema, akasimama pembeni yake.

Immaculata akawakatiza kwa mkono, kama anayefukuza nzi. "Kaeni chini nyie, leo si siku yenu. Apolinari, nipe mrija." Akainama juu ya mtungi mweusi. "Hapa kuna maji ya kisimani na asali ya mwanangu. Anicet alikuwa anapenda pombe, atanisamehe au atanisubiri huko anigombeze."

Akavuta wa kwanza, akasimama wima, akangoja. Watu nao wakangoja. Kisha Nathanael akatoka upande wake, akachukua mrija akainama, na baada yake yule bibi wa kiko, akilalamika kwamba tangu azaliwe hajaondolewa matanga kwa maji. Baada ya hapo mirija ikajaa.

Spès alikuwa amesimama mlangoni na Arcade. Aliona wanawake wawili wakiinuka kimya kimya, mmoja halafu mwingine, wakijifanya wanakwenda kutazama watoto nyumbani. Akaona wa tatu. Hakuwaambia nesi wala bwana shamba. Wakarudi baadaye, mikono imelowa na kunukia kimea, wakakaa walipokuwa wamekaa, wakachukua mirija.

Jumanne iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Mizani ilikuwa kwenye boriti yake. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mke wa Nathanael, na Agatha mgongoni, amekonda, anaangaza macho huku na huku. Alikuwa amepita umri wa mizani, lakini mama yake alitaka apimwe. Alipomfungua, Spès akatazama mikono. Ile pinki ilikuwa bado ipo kidogo pembeni mwa kucha, na juu yake, hadi kwenye viganja, kulikuwa na udongo mbichi wa shambani.

"Umepanda?" akamuuliza.

"Mpaka punje ya mwisho."

Spès akamtia Agatha kwenye kisuruali cha turubai, miguu ikaning'inia karibu iguse sakafu, akangoja mshale utulie.